Bunduki Ilinunuliwa Wapi?

Katika filamu ya Nitram, kijana mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu anaingia kwenye duka la silaha akiwa na begi la noti. Muuzaji anampokea kwa bashasha anayopewa mteja yeyote mwenye fedha taslimu. Anamshikisha bunduki moja, anamweleza sifa za nyingine, anamwacha ajaribu uzito wake begani. Linapofika suala la leseni, kijana anajibu kwamba hana. Mauzo yanaendelea. Hakuna muziki wa kutisha na hakuna anayepaza sauti. Mtazamaji anayejua kilichotokea baadaye anabaki akiomba atokee mtu mmoja tu wa kusema hapana, na mtu huyo hatokei.

Filamu hiyo ya Australia iliongozwa na Justin Kurzel kwa mswada wa Shaun Grant, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes mwaka 2021. Caleb Landry Jones, Mmarekani wa Texas aliyeigiza uhusika mkuu, aliondoka huko na tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Kisa cha filamu kimetokana na mauaji ya Jumapili ya tarehe 28 Aprili 1996 huko Port Arthur, kisiwani Tasmania, ambako mtu mmoja aliwaua watu 35 na kuwajeruhi wengine 23. Filamu haimtaji muuaji kwa jina lake hata mara moja. Humwita kwa jina la utani alilochukia, ambalo ni jina lake la kwanza lililosomwa kinyumenyume. Makala hii nayo haitamtaja.

Kila inapotangazwa filamu ya aina hii, ubishi huanzia palepale: je, ilistahili kutengenezwa? Wafiwa wana haki ya kuuliza hivyo, na wakati mwingine jibu linalofaa ni hapana. Lakini filamu hizi zipo na zitaendelea kuwepo, na mtazamaji anahitaji kipimo cha kuzitofautisha. Kipimo kimoja kinatosha kwa kuanzia, nacho ni kuangalia kama filamu inauliza kwa nini muuaji aliua, au inauliza aliwezaje.

Maswali hayo mawili yanaonekana kama ndugu, lakini kila moja lina njia yake. “Kwa nini” humweka muuaji katikati ya picha na kumzungushia mama yake, upweke wake, dawa zake na utoto wake, mpaka waliokufa wanageuka kuwa tamati ya hadithi ya mtu mwingine. “Aliwezaje” huwaingiza wengine kwenye picha: mwenye duka, ofisa wa leseni, mbunge aliyeahirisha mswada, jirani aliyeona na kunyamaza. Hao ni watu ambao wangeweza kutenda tofauti, na wenzao wa leo bado wanaweza.

Nitram ni filamu mbili ndani ya moja. Sehemu kubwa ya kwanza ni ya “kwa nini”. Inaanza na mtoto aliyelazwa hospitalini baada ya kuunguzwa na fataki, anaulizwa na mtangazaji kama atazichezea tena, naye anajibu ndiyo. Kisha anaonekana mtu mzima anayeishi na wazazi waliochoka. Judy Davis anaigiza mama ambaye uso wake umekauka kwa kungoja balaa linalofuata, na Anthony LaPaglia anaigiza baba mpole anayevunjika polepole. Anaingia pia Helen, mwanamke tajiri mpweke anayeigizwa na Essie Davis, ambaye anampa kijana huyo makazi na, baada ya kifo chake, mali. Uigizaji ni wa hali ya juu, na tuzo za chuo cha filamu cha Australia zililithibitisha hilo, ikiwamo ile ya filamu bora. Hata hivyo hapa ndipo walipo wakosoaji wake wa Tasmania, na wana hoja. Saa nzima na ushei tunakaa na maumivu ya mtu mmoja, ilhali watu 35 hawapewi hata sura.

Uchungu huo watengenezaji waliufahamu mapema. Kurzel mwenyewe ni mkazi wa Tasmania, lakini filamu ilipigwa Geelong, katika jimbo la Victoria, na kisiwani kwenyewe ni majumba machache tu ya sinema yaliyoionyesha.

Filamu ya pili inaanza pale dukani. Kuanzia hapo Kurzel anaacha kumchunguza kijana na kuanza kuichunguza nchi. Fedha zipo, duka liko wazi, sheria imelala. Kwenye televisheni kunatangazwa habari za Dunblane, mji wa Scotland ambako watoto 16 na mwalimu wao waliuawa shuleni tarehe 13 Machi 1996, na kijana anatazama. Siku yenyewe inapofika, kamera inamfuata hadi mkahawani, kisha inaondoka. Mauaji hayaonyeshwi. Badala yake yanakuja maandishi yanayoeleza jinsi sheria za silaha zilivyobadilishwa, na kuongeza kwamba hakuna jimbo lililozitekeleza zote kikamilifu, na kwamba Australia ya leo ina bunduki nyingi kuliko ile ya 1996.

Historia inaipa filamu hiyo ya pili uzito ambao Kurzel hakuhitaji kuubuni. Mwaka 1987 jiji la Melbourne lilipigwa mara mbili: watu saba waliuawa kwa risasi Hoddle Street mwezi Agosti, na wanane Queen Street mwezi Desemba. Viongozi wa serikali kuu na wa majimbo wakakutana Hobart, mji mkuu wa Tasmania, kujadili sheria ya pamoja ya silaha, wakashindwa kuelewana. Barry Unsworth, waziri kiongozi wa New South Wales, alitoka kikaoni akiwa na hasira na kusema kwamba Australia haitapata mageuzi hayo mpaka yatokee mauaji makubwa Tasmania. Ilichukua miaka minane na miezi michache. Alichosema hakikuwa uaguzi. Alijua kwamba katika jimbo hilo bunduki zinazojipakia risasi ziliuzwa madukani, na kwamba bunduki ndefu hazikuandikishwa popote.

Baada ya Port Arthur, mambo yalikwenda kwa kasi iliyoshangaza dunia. Waziri Mkuu John Howard, mhafidhina ambaye hakuwa ametimiza miezi miwili madarakani, alizibana serikali za majimbo, na siku 12 tu baada ya mauaji mawaziri wa polisi walikubaliana juu ya mkataba wa kitaifa wa silaha. Rashasha na bunduki nyingine zinazojipakia risasi zilipigwa marufuku kwa raia wa kawaida. Mwombaji wa leseni alitakiwa kueleza sababu ya msingi ya kumiliki silaha, na kujilinda hakukuhesabiwa kuwa sababu. Serikali ilinunua na kuharibu zaidi ya bunduki 640,000, gharama ikalipwa kwa nyongeza ya muda kwenye tozo ya matibabu. Howard alipokwenda mjini Sale, Victoria, kuwahutubia wamiliki wa bunduki wenye ghadhabu, alivaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti, na umbo lake lilionekana wazi kwa kila aliyekuwapo.

Sheria hizo hazikuyafuta mauaji. Mei 2018, huko Osmington, Australia Magharibi, watu saba wa familia moja walikufa kwa risasi shambani kwao. Lakini ziliweka kizuizi mahali ambapo mwaka 1996 palikuwa na kaunta tu.

Kaunta hiyo, ukiitafuta, utaikuta pia katika filamu nyingine za aina hii, au utagundua kwamba mwongozaji ameiruka. Mwaka 2003 Gus Van Sant alishinda tuzo kuu ya Cannes kwa filamu ya Elephant, iliyotokana na mauaji ya shule ya Columbine, Colorado, ya tarehe 20 Aprili 1999, ambapo wanafunzi 12 na mwalimu mmoja waliuawa na wenzao wawili. Van Sant aliwatumia vijana wa kawaida wa Portland, akawafuata kwa kamera kwenye korido ndefu za shule, mwendo mrefu usiokatwa, bila kueleza lolote. Wengi walimlaumu kwa kukataa kutoa sababu. Ila kuna jambo moja ambalo hakukataa kulionyesha. Wavulana wanaagiza bunduki kwenye intaneti, gari la vifurushi linakuja nyumbani, mzigo unasainiwa, mlango unafungwa. Kazi imekwisha kabla wazazi hawajarudi.

Mambo halisi yalikuwa hivyohivyo, ila kwa njia nyingine. Bunduki tatu kati ya nne zilizotumika Columbine zilinunuliwa kwenye maonyesho ya silaha na rafiki yao mwenye umri wa miaka 18, kutoka kwa wauzaji binafsi ambao sheria haikuwataka wachunguze historia ya mnunuzi. Novemba 2000 wapiga kura wa Colorado walijiamulia wenyewe kwa kura ya maoni kuuziba mwanya huo. Karibu kila mtu duniani amesikia juu ya makoti meusi ya wavulana wale na muziki waliousikiliza. Kura hiyo inajulikana na wachache mno, na sababu ni kwamba vyombo vya habari na sinema vilitumia miaka mingi kuhangaika na “kwa nini”.

Denis Villeneuve, ambaye siku hizi anafahamika kwa Dune, alilikabili suala hili mwaka 2009 kwa namna tofauti. Polytechnique inahusu tarehe 6 Desemba 1989, siku ambayo mtu mwenye bunduki aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal, akawatenga wanaume na wanawake darasani, akawaamuru wanaume watoke. Aliwaua wanawake 14, akidai anapambana na watetezi wa haki za wanawake. Villeneuve aliipiga filamu kwa rangi nyeusi na nyeupe ili damu isitawale macho. Muuaji hana jina. Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa “muuaji” tu. Barua yake inasomwa, na hilo laweza kuhesabiwa kama mlango aliofunguliwa bila sababu.

Lakini angalia kinachotokea kabla ya risasi. Valérie, mwanafunzi anayeigizwa na Karine Vanasse, anakwenda kwenye usaili wa nafasi ya mafunzo kazini. Msaili, mwanamume mwenye adabu zake, anamuuliza juu ya kupata watoto na kumdokeza kwamba fani aliyoichagua haiwafai wanaotaka familia. Hana silaha, wala hana chuki usoni. Kwa tukio hilo la dakika chache Villeneuve anajibu “aliwezaje” kwa upande ambao duka la bunduki haliwezi kuujibu. Chuki ya muuaji ilikuwa ya kupindukia, lakini lugha yake haikuwa ngeni katika jengo lile.

Kuhusu silaha yenyewe, filamu inapita haraka, na hiyo ni hasara. Ilikuwa Ruger Mini-14, iliyonunuliwa dukani kihalali. Familia za waliouawa na wanafunzi walionusurika walipigania sheria kwa miaka mingi, na mwaka 1995 Canada ilipitisha sheria mpya ya silaha. Bunduki ya aina hiyo, hata hivyo, ilipigwa marufuku Mei 2020, baada ya watu 22 kuuawa Nova Scotia mwezi uliotangulia. Miaka 30 na ushei ilikuwa imepita. Katikati ya miaka hiyo, Julai 2011, aina hiyohiyo ya bunduki ilitumika katika mauaji ya kisiwani Utøya, Norway, mikononi mwa mtu aliyeipata kwa kibali halali.

Utøya ilizaa filamu mbili katika mwaka mmoja wa 2018, na hakuna somo zuri zaidi kwa anayetaka kuelewa tofauti inayojadiliwa hapa. Paul Greengrass, kwa ajili ya Netflix, alitengeneza 22 July, inayomfuata muuaji kuanzia maandalizi hadi mahakamani na kumpa nafasi ya kuzungumza. Erik Poppe, Mnorwe, alitengeneza filamu inayomfuata msichana wa kubuni aitwaye Kaja kwa dakika 72, muda uleule wa mashambulizi, bila kukata picha hata mara moja. Muuaji anaonekana mara chache sana, kivuli cha mbali kati ya miti. Kinachosikika ni milio, minong'ono ya vijana walioficha nyuso zao kwenye majani, na simu zinazoita. Watu 69, wengi wao vijana, waliuawa kisiwani siku ile, baada ya bomu kuua watu wanane mjini Oslo.

Poppe alimnyima muuaji jukwaa, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo, filamu yake inaishia ndani ya hofu. Mtazamaji anatoka akiwa ametikisika, bila kujua kwamba katika miezi hiyohiyo ya mwanzo wa 2018 wabunge wa Norway walikuwa wakikubaliana kupiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi kuanzia 2021. Kumheshimu aliyekufa kunataka zaidi ya kumfunika muuaji uso.

New Zealand ilikwenda mbali zaidi na kuisimamisha filamu kabla haijapigwa. Tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa kutokana na mashambulizi ya misikiti miwili ya Christchurch, na muuaji, raia wa Australia, alirusha unyama wake moja kwa moja kwenye Facebook. Alikuwa tayari amejitengenezea filamu yake. Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliapa kutolitamka jina lake, na ndani ya mwezi mmoja bunge likapitisha marufuku ya silaha za aina aliyotumia. Mwaka 2021 ilipotangazwa filamu ya They Are Us, ambayo ingeongozwa na Andrew Niccol huku Rose Byrne akimwigiza Ardern, vijana wa Kiislamu walianzisha waraka wa kuipinga uliosainiwa na makumi ya maelfu ya watu. Walisema msiba wao unageuzwa kuwa pambo la kiongozi. Mtayarishaji mmoja alijitoa, na mradi ukawekwa kando.

Walikuwa sahihi. Na jambo lililostahili kuwekwa kwenye mswada lilikuwa tayari limeandikwa. Ripoti ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa mwishoni mwa 2020, ilieleza jinsi polisi walivyompa mtu huyo leseni: badala ya ndugu wa karibu, walikubali kama mdhamini wake rafiki aliyefahamiana naye zaidi kwa michezo ya kompyuta. Ofisi, fomu, mahojiano, sahihi. Mwongozaji mwenye kipaji angeweza kuwakosesha watazamaji usingizi kwa kuionyesha meza hiyo tu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana filamu yao katika orodha hii, nayo ina jina la Kiswahili. Watu Wote, filamu fupi ya Mjerumani Katja Benrath, ilitengenezwa Kenya pamoja na waigizaji wa Kenya, kwa Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar. Imetokana na tukio la tarehe 21 Desemba 2015, wakati wapiganaji wa al-Shabaab waliposimamisha basi kaunti ya Mandera na kutaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila abiria alijua maana ya amri hiyo. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa vivyo hivyo na watu 28 wakauawa. Safari hii abiria Waislamu waligoma kujitenga, wanawake wakawafunika wenzao kwa hijabu zao. Watu wawili waliuawa. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi kwa kukataa, alifariki Januari 2016 hospitalini Nairobi, na serikali ikamtunuku nishani.

Benrath anamweka katikati ya picha Jua, mwanamke Mkristo aliyejaa uchungu na shaka juu ya Waislamu waliomzunguka kwenye basi. Wavamizi wanapoingia, kamera inabaki na abiria. Swali la filamu ni “waliwezaje”, ila safari hii linawahusu waliokataa. Waliwezaje watu wasiojuana, kwa sekunde chache, kuamua jambo zito kiasi hicho? Filamu nyingi za mauaji hazina swali hilo kabisa.

Benrath na wenzake walikuwa wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg. Kwamba kisa cha Mandera kilifika Oscar kwa mikono ya wanafunzi wa Kijerumani si kosa lao. Walifanya kazi yao vizuri na kwa heshima. Lawama, kama ipo, ni ya tasnia ya hapa kwetu, yenye vipaji na kamera za kutosha, ambayo imeyaacha makubwa yake yasimuliwe na wengine. Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi ambako watu 67 waliuawa Septemba 2013, ilipata filamu yake ya kumbukumbu inayojulikana zaidi kutoka kwa Mwingereza Dan Reed, aliyetumia picha za kamera za usalama za jengo lile. Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa tarehe 2 Aprili 2015, bado kinasubiri filamu kubwa inayolingana na msiba huo.

Ikija, itajaribiwa na kishawishi kilekile: vijana waliopotoshwa, kamanda mwenye maneno makali, machozi ya mama. Yapo mambo magumu zaidi ya kupiga picha, na yana faida zaidi. Kuna saa nyingi zilizopita siku ile kabla kikosi maalumu kutoka Nairobi hakijaingia bwenini. Kuna kesi iliyomalizika mwaka 2019 kwa wanaume watatu, mmoja wao Mtanzania, kutiwa hatiani kwa kuwasaidia washambuliaji. Kuna kesi ya Westgate ya 2020, ambayo kwayo wawili walifungwa, mmoja miaka 33 na mwingine 18, na kuna askari waliofukuzwa jeshini na kufungwa kwa kupora maduka huku watu wakiwa wamelala wamekufa. Mashahidi walikwishaeleza, mahakimu walikwishaandika. Mwandishi wa mswada anayeanzia kwenye majalada hayo, badala ya video za propaganda za wauaji, atakuta humo wahusika wa kutosha: wa simu, wa vizuizi vya barabarani, wa mipaka, wa ofisi zilizopokea onyo na kuliweka kwenye droo. Wengi wao bado wako kazini.